Picha ipi ya vita uiweke ukurasani? Ulinganisho kwa wahariri, walimu na waandaaji wa maonyesho

Anayeandaa ukurasa wa kumbukumbu ya vita, somo la historia au ukuta mmoja wa maonyesho hukutana na tatizo lile lile: nafasi ni ya picha moja au mbili, na picha zipo maelfu. Mara nyingi mazoea ndiyo huamua. Hutafutwa picha inayojulikana, kwa kuwa hupatikana haraka kwenye hifadhi za mashirika ya habari na kwa kuwa ndiyo iliyotumika mwaka jana. Basi vita vya miaka kumi hubaki vichwani mwa watu kama picha tatu au nne, na wanaozaliwa baadaye hurithi hizo hizo.

Hapa nazilinganisha picha mbili mbili, au fungu kwa fungu, za vita vile vile. Sipimi uzuri wa picha wala jinsi inavyotonesha. Napima kwa swali moja: mtu asiyejua lolote akiitazama picha hii peke yake, ataondoka akiamini nini ambacho si kweli? Hakuna picha isiyo na jibu kwa swali hilo. Upotovu wa nyingine hurekebishwa na mistari miwili ya maelezo chini yake. Wa nyingine haurekebishiki hata ukiandika ukurasa mzima.

Vietnam: risasi ya Saigon au maiti wa My Lai

Tarehe 1 Februari 1968, mashambulizi makubwa ya Vietcong (waasi wa kikomunisti) na Vietnam Kaskazini yaitwayo Tet yakiwa ndiyo kwanza yameanza, Eddie Adams wa shirika la habari la AP alimpiga picha mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini, Nguyen Ngoc Loan, akimfyatulia risasi ya kichwa mfungwa wa Vietcong aliyefungwa mikono, katikati ya barabara ya Saigon. Picha hiyo ilienea kwenye kurasa za mbele za magazeti ya nchi nyingi, na mwaka 1969 ikampa Adams tuzo ya Pulitzer. Mpigafilamu wa NBC naye alikuwepo hapo hapo, na filamu yake ikaonyeshwa kwenye televisheni kwa mamilioni ya Wamarekani. Lakini waulize watu leo: kinachokumbukwa ni ile picha mgando. Kwenye filamu mtu anaanguka na habari inaendelea. Kwenye picha haanguki kamwe. Isitoshe, picha inaingia kitabuni, kwenye bango la maandamano na kwenye kurasa za maadhimisho ya kila miaka kumi, jambo ambalo filamu ya mwaka 1968 isingeliweza.

Adams mwenyewe hakuipenda hatima ya picha yake. Loan alihamia Marekani, akafungua mgahawa Virginia, na picha ikamfuata hadi alipofariki mwaka 1998. Mwaka huo Adams aliandika kwamba jenerali, yaani Loan, alimuua mfungwa, naye akamuua jenerali kwa kamera. Wengi hunukuu maneno hayo kana kwamba yanafuta picha. Mimi siyaoni hivyo. Kumuua mfungwa aliyefungwa mikono ni kosa, liwe lilitanguliwa na nini, na picha haikudanganya katika hilo. Upotovu wake uko kwingine: inaipa vita nzima sura ya watu wawili. Anayeiona peke yake anaweza kuamini kwamba ukatili wa Vietnam ulikuwa wa afisa mmoja mwenye hasira, mbele ya kamera, mchana kweupe.

Wiki sita baadaye, tarehe 16 Machi 1968, Ronald Haeberle, mpigapicha wa jeshi la Marekani, aliingia na wanajeshi katika kijiji cha My Lai akiwa na kamera ya jeshi yenye filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, na kamera yake binafsi yenye filamu ya rangi. Picha za kamera ya jeshi alizikabidhi, kwa kuwa ni mali ya jeshi. Humo wamo askari wakiwa kazini, nyumba zikiungua, shughuli za kawaida za operesheni. Filamu ya rangi akaenda nayo nyumbani, na humo ndimo ilimokuwa miili ya wanawake, wazee na watoto wachanga waliouawa na wanajeshi hao, imerundikana njiani. Jeshi lilikuwa limetangaza kwamba limewaua maadui 128. Mnara wa kumbukumbu uliopo kijijini leo una majina 504. Picha za rangi zilichapishwa katika gazeti la The Plain Dealer la Cleveland tarehe 20 Novemba 1969, siku chache baada ya mwandishi Seymour Hersh kuifichua habari yenyewe, kisha zikatoka katika jarida la Life mwezi uliofuata.

Hapa kuna somo ambalo hulipati kwa Adams. Mtu yule yule, asubuhi ile ile, kijiji kile kile, na kumbukumbu mbili tofauti kulingana na mwenye filamu. Ningekuwa na kurasa mbili zinazotazamana, ningeweka picha ya kamera ya jeshi kushoto na ya rangi kulia, na chini yake niandike nani alikuwa mmiliki wa kila filamu.

Hata hizo za rangi zina upotovu wake. Zinaonyesha waliokufa bila kuonyesha wauaji. Mwaka 2009 Haeberle alikiri kwamba aliziharibu baadhi ya picha zilizowaonyesha askari wakiua. Kwa hiyo kumbukumbu ya My Lai iliyobaki ni ya maiti wasio na muuaji, na mahakamani nako akapatikana na hatia afisa mmoja tu, Luteni William Calley. Sidai kwamba moja limesababisha la pili, ila mhariri asiliache hilo bila kulitaja.

Ya tatu itatajwa na kila mtu, kwa hiyo niiseme haraka: msichana wa miaka 9 anayekimbia uchi baada ya kuunguzwa na napalm (mafuta mazito ya moto yanayorushwa kwa mabomu), Trang Bang, 8 Juni 1972. Kwa kipimo changu hii ina mitego mitatu. Wengi huamini ndege zile zilikuwa za Marekani, kumbe zilikuwa za jeshi la anga la Vietnam Kusini. Nakala iliyozoeleka imekatwa upande wa kulia, akaondolewa mpigapicha aliyekuwa akibadilisha filamu yake huku watoto wakimpita. Halafu kuna suala la jina: kwa zaidi ya miaka 50 picha imetajwa kuwa ya Nick Ut wa AP, lakini Mei 2025 shirika la World Press Photo lilisimamisha kumtaja yeye kama mpigaji, wakati AP baada ya uchunguzi wake iliendelea kumtaja. Ukiitumia, andika yote mawili. Na uitumie nzima.

Auschwitz: albamu ya SS au picha 4 za wafungwa

Hapa ndipo uchaguzi ulipo mgumu kuliko kwingine kote, na ndipo wengi wanapochagua vibaya kwa nia njema.

Upande mmoja iko ile inayoitwa Albamu ya Auschwitz: karibu picha 200 zilizopigwa na watu wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi hizo, mwaka 1944, wakati Wayahudi kutoka Hungaria walipokuwa wakiteremshwa kwenye mabehewa huko Birkenau, sehemu ya Auschwitz. Mnusurika mmoja, Lili Jacob, aliikuta mwaka 1945 katika kambi ya Dora, mbali sana na Auschwitz, akaifungua na kuwakuta ndani yake watu wa familia yake. Mwaka 1980 aliikabidhi kwa jumba la kumbukumbu la Yad Vashem, Jerusalem. Picha zake ni safi. Mwanga ni mzuri, nyuso zinaonekana, wanaume wamepangwa foleni huku, wanawake na watoto kule. Ndiyo maana zimejaa kwenye vitabu vya shule na filamu za historia.

Upande wa pili ziko picha 4. Agosti 1944, wafungwa wa Sonderkommando, yaani Wayahudi waliolazimishwa kuwaondoa na kuwachoma waliouawa kwenye vyumba vya gesi, walifanikiwa kupata kamera iliyoingizwa kambini kwa siri. Mmoja wao, Myahudi wa Ugiriki aliyejulikana kwa jina la Alex, alipiga picha hizo kwenye eneo la Tanuri Na. 5. Mbili zinaonyesha miili ikichomwa nje, zimepigwa kutoka ndani ya jengo kupitia mlangoni. Ya tatu, iliyopinda, inaonyesha kwa mbali wanawake waliovuliwa nguo. Ya nne haina kitu isipokuwa matawi ya miti na anga, kwa sababu mpigaji hakuweza kuinua kamera na kulenga. Filamu ilitolewa kambini ikiwa imefichwa ndani ya tyubu ya dawa ya meno hadi kwa wapinzani wa Kipolandi mjini Kraków, pamoja na barua ya tarehe 4 Septemba 1944 iliyoomba filamu zaidi.

Weka kipimo. Anayeitazama albamu peke yake ataona watu watulivu, foleni zilizonyooka, maafisa wasioinua mkono. Ataamini kwamba mambo yalikwenda kwa utaratibu, na pengine, bila kujitambua, kwamba waliokuwa kwenye foleni walikubali. Kumbe huo ndio ulikuwa ujumbe wa aliyepiga: kazi inakwenda vizuri. Hakuna hata picha moja ya mauaji humo. Ndivyo ilivyo pia kwa yule mvulana wa Warsaw aliyeinua mikono mbele ya bunduki, ambaye dunia inamkumbuka kama alama ya wahanga: picha yake ilitoka kwenye ripoti ya kamanda wa SS Jürgen Stroop ya mwaka 1943, iliyotengenezwa kujisifia jinsi geto lilivyoteketezwa. Tunawalilia wahanga kupitia macho ya waliowaua, na mara nyingi hatuambiwi.

Picha 4 za wafungwa hazina upotovu wa namna hiyo. Upotovu wake umeletwa na sisi wahariri. Kwa miaka mingi zilikatwa na kunyooshwa. Giza kubwa linalozizunguka zile mbili za kwanza liliondolewa ili moshi na miili ionekane vizuri, na wanawake wa picha ya tatu wakaguswa kwa kalamu ili maumbo yao yawe wazi. Ya nne ikaachwa kabisa kwa sababu "haionyeshi kitu". Matokeo yake ni picha zinazoonekana kama zilipigwa na mtu aliyesimama nje kwa nafasi yake. Lakini lile giza ni fremu ya mlango. Ndilo linalokwambia mpigaji alikuwa amejificha wapi na angefanywa nini angeonwa. Ukilikata, umeifuta hatari, na umemfuta mpigapicha mwenyewe.

Uamuzi wangu: kwa ukuta wa maonyesho, picha zote 4, bila kukatwa, kwa mpangilio wake, na ile ya miti iwe na ukubwa sawa na nyingine. Albamu ina kazi yake, na kazi hiyo ni nyuso. Watu wengi waliomo wametambuliwa kwa majina na ndugu zao, jambo ambalo picha zenye ukungu haziwezi kutoa. Itumie pale unapotaja mtu kwa jina. Usiitumie kama picha ya jumla ya "Auschwitz", na usiiweke bila neno SS kwenye maelezo.

Kwa darasa la watoto hesabu inabadilika. Miili inayoungua si ya kuwaonyesha watoto wa miaka kumi. Ile picha ya miti inafaa, pamoja na kisa cha tyubu.

Hiroshima: kutoka juu au kutoka darajani

Wingu la tarehe 6 Agosti 1945 lilipigwa na waliolirusha bomu, kutoka angani. Hakuna mtu ndani yake. Ni umbo kubwa, jeupe, karibu zuri, na likawa alama ya enzi nzima: limechapwa kwenye majarida, mabango na hata bidhaa za kuuza. Ukiliuliza swali langu, jibu ni zito mno: mtazamaji ataamini kwamba bomu la atomiki ni jambo lililotokea angani.

Siku hiyo hiyo mpigapicha wa gazeti la Chugoku Shimbun, Yoshito Matsushige, alifika daraja la Miyuki, kilomita mbili na kitu kutoka kitovu cha mlipuko. Pale walikuwa wamekusanyika majeruhi, wengi wao wanafunzi, ngozi zikiwa zimewachubuka, wakipakwa mafuta ya kupikia kwenye majeraha. Alisimulia baadaye kwamba alishindwa kubonyeza kamera kwa muda mrefu, na alipobonyeza machozi yalikuwa yakimzuia kuona. Siku nzima akabaki na picha 5 tu. Hizo ni miongoni mwa picha chache sana za siku yenyewe zilizopigwa mjini mle na mtu aliyekuwa chini ya wingu.

Kwa nini basi dunia inalikumbuka wingu na si daraja? Sababu kubwa ni udhibiti. Utawala wa Marekani nchini Japani ulizibana habari na picha za athari za bomu hadi ulipomalizika Aprili 1952, na wasomaji wa Life walizipata picha za Matsushige Septemba mwaka huo. Wingu lilikuwa limeshatangulia kwa miaka saba, na kumbukumbu ya umma haina tabia ya kusubiri. Picha inayofika kwanza hukalia kiti, ile ya pili hubaki kusimama mlangoni.

Chaguo langu ni daraja. Wingu halina ubaya kama picha ya pili, likiwa dogo, na maelezo yakisema limepigwa kutoka ndege ya Marekani. Mpangilio mwingi niliouona ni kinyume: wingu kurasa mbili, daraja ukubwa wa stempu.

Bendera mbili za 1945

Hizi hazihitaji maneno mengi. Joe Rosenthal wa AP alipiga picha ya askari sita wakisimika bendera ya Marekani juu ya mlima Suribachi, kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Japani, tarehe 23 Februari 1945. Ilikuwa bendera ya pili siku hiyo, kubwa kuliko ya kwanza, lakini haikuigizwa kwa ajili ya kamera. Ndani ya miezi michache ilikuwa kwenye stempu na kwenye mabango ya kampeni ya mikopo ya vita iliyokusanya zaidi ya dola bilioni 26, na mwaka 1954 ikawa sanamu ya shaba huko Arlington. Mpigapicha wa Kisovieti Yevgeny Khaldei aliipiga ya kwake juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, Berlin, tarehe 2 Mei 1945, akiwa amebeba bendera iliyoshonwa kwa vitambaa vyekundu vya meza, akiwapanga askari mahali pa kusimama. Baadaye akaongeza moshi nyuma, na akaifuta saa moja kwenye mkono wa askari aliyeonekana kuvaa mbili, isije ikaonekana ni ya wizi.

Wengi wangesema chagua ya Rosenthal kwa kuwa haikupangwa. Kwa kipimo changu ndiyo yenye upotovu mkubwa zaidi. Anayeiona anaamini ni mwisho wa mapigano, kumbe ilikuwa siku ya tano. Vita vya kisiwa vile viliendelea hadi tarehe 26 Machi, na watatu kati ya wale sita hawakutoka hai. Ile ya Khaldei ilipangwa na kuguswa, lakini inasema jambo lililokuwa kweli: Berlin ilikuwa imeanguka. Kwa hiyo "imepangwa au haikupangwa" si kipimo kinachotosha. Uliza pia kama wakati wa picha ndio wakati ambao watu watadhani ni wenyewe.

Hata majina ya wale sita yalikosewa kwa miongo kadhaa. Jeshi la Wanamaji wa nchi kavu la Marekani liliyasahihisha mwaka 2016 na tena 2019. Kama maelezo yako yamenakiliwa kutoka kitabu cha zamani, yaangalie upya.

Ghuba 1991: ile iliyoonyeshwa na ile iliyotupwa

Vita vya Ghuba, vya Marekani na washirika wake dhidi ya Iraki, vinakumbukwa kwa video za kijivu zilizotolewa na jeshi: alama ya msalaba, paa la jengo, mlipuko usio na sauti. Zinafanya mtu aamini kwamba makombora hupiga zege tu. Mwishoni mwa Februari 1991 Kenneth Jarecke alimpiga picha askari wa Iraki aliyeungua akiwa bado ameshika kioo cha mbele cha lori lake. Ofisi ya AP ya New York iliiondoa kwenye mtandao wake wa kusambaza, kwa hiyo wahariri wa magazeti ya Marekani hawakupata hata nafasi ya kuikataa. The Observer la Uingereza likaichapisha mwezi Machi.

Ukiwa na nafasi ya picha moja ya vita vile, na wasomaji ni watu wazima, ni hiyo. Sioni hoja ya upande wa pili.

Syria: mtoto mmoja au faili 50,000

Agosti 2016 ilisambaa picha ya mtoto wa Aleppo aliyejaa vumbi, damu usoni, ameketi kwenye kiti cha rangi ya chungwa ndani ya gari la wagonjwa. Katika muda wa saa chache ilikuwa kwenye simu za watu duniani kote. Mashariki ya Aleppo ikaendelea kupigwa hadi Desemba. Mwaka uliofuata familia ya mtoto ikaonekana kwenye vyombo vya habari vilivyoiunga mkono serikali ya wakati ule, baba akilalamika kwamba mwanawe alitumiwa kipropaganda. Picha ile ile, pande mbili, kila upande na maelezo yake. Mtoto hakuulizwa na yeyote.

Miaka mitatu kabla, mpigapicha wa polisi wa kijeshi wa Syria, aliyejulikana kwa jina la siri la Caesar, alitoroka na zaidi ya picha 50,000. Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha waliofia mahabusu, kila mwili na namba yake, kwa ajili ya mafaili ya serikali. Shirika la Human Rights Watch lilipozichambua mwaka 2015 lilihesabu ndani yake watu wasiopungua 6,786 waliokufa kizuizini. Picha hizo zilitumika katika kesi ya Koblenz, Ujerumani, ambako Januari 2022 kanali mmoja wa zamani wa ujasusi wa Syria alihukumiwa kifungo cha maisha.

Ni mfano safi wa picha inayokumbukwa ikishindana na picha inayothibitisha. Mtoto wa Aleppo anakumbukwa na mamilioni, lakini picha yake haikumpeleka mtu gerezani. Katika picha za Caesar hakuna hata moja inayokumbukwa na umma, kwa kuwa zinafanana, na kufanana huko ndiko kunakoonyesha kwamba mauaji yalikuwa utaratibu wa ofisi. Vyombo vya habari hupenda ya kwanza kwa sababu ina uso mmoja na haihitaji kusomwa.

Ukichagua za Caesar, kuna jambo la kupima kwanza. Kuna familia zilizomtambua ndugu yao kwa kuona uso kwenye picha hizo, na kuna ambazo hazitaki uso huo uonekane tena popote. Ningeonyesha gridi ya picha ndogo nyingi, nyuso zimefunikwa, namba zikisomeka. Kwa namna hiyo wingi unaonekana bila kumvua mtu heshima. Picha ya mtoto ningeiacha.

Kama picha haipo

Ulinganisho wa mwisho ni kati ya picha ya kuazima na nafasi tupu, na hapa vyombo vya habari hukosea zaidi ya popote.

Rwanda, 1994. Aprili, mauaji yalipoanza, wageni wengi walihamishwa, na waandishi wengi wa kimataifa waliokuwa barani walikuwa Afrika Kusini kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 27 Aprili. Mauaji yenyewe yalipigwa picha kidogo sana. Kamera zikaja kwa wingi Julai, zikaenda Goma, mji wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ulio mpakani, ambako watu wapatao milioni walikuwa wamevuka mpaka na kipindupindu kikawaua makumi ya maelfu. Picha za Goma zilikuwa nyingi, kali, za kutia huruma. Na watazamaji wengi wa mbali wakaondoka wakiamini kwamba wale wakimbizi ndio waliolengwa na mauaji ya kimbari, kumbe miongoni mwao walikuwemo Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu waliokuwa wameyatekeleza. Mpaka leo utakuta makala ya mauaji ya Aprili yenye picha ya foleni ya Goma. Hilo halirekebishwi na maelezo ya mistari miwili. Usiitumie.

Hata picha iliyo sahihi inataka uangalifu. Ile ya James Nachtwey ya mwanamume mwenye makovu ya panga kichwani, iliyoshinda tuzo kuu ya World Press Photo, wengi hudhani ni ya Mtutsi. Ni Mhutu, aliyeshukiwa kuwahurumia Watutsi. Maelezo yakisema hivyo, picha inafundisha zaidi ya inavyotarajiwa. Yasiposema, inakosewa na kila anayeitazama.

Kwa kambi za Kenya za miaka ya 1950 nafasi tupu ni kubwa zaidi. Magazeti ya Uingereza yalijaa picha za mashambulizi ya Mau Mau dhidi ya walowezi, ilhali walowezi waliouawa wanahesabiwa kuwa 32, na waasi waliouawa, hata kwa hesabu ya serikali ya kikoloni, ni zaidi ya 11,000. Mateso ya kambini hayakuwa na kamera ya gazeti. Yaliyobadilisha kumbukumbu hapo ni karatasi: ushahidi wa wazee waliofungua kesi London mwaka 2009, na mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali nchini Uingereza, ambayo serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nayo mwaka 2011. Juni 2013 ikatangaza kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Kwa hiyo kwa ukurasa wa kambi ya Hola, Machi 1959, nisingetafuta picha ya seng'enge ya kambi nyingine ili kujaza nafasi. Ningeikuza taarifa ya kwanza ya serikali, iliyodokeza kwamba wafungwa 11 walikufa baada ya kunywa maji, na pembeni yake matokeo ya uchunguzi wa vifo yaliyosema walikufa kwa majeraha ya kipigo, zote mbili kwa chapa ya kutosha kusomeka na aliyesimama hatua tatu kutoka ukutani.